Baba anataka PCB, mjomba anataka HGL, mtoto anasema "vyovyote tu"

Mshauri, kama wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo. Kama ni mdogo, pokea salamu zangu kutoka Singida.

Nina binti, Zawadi, amemaliza kidato cha nne shule ya kata. Matokeo yametoka, amepata divisheni ya pili ya pointi 18. Tulichinja kuku, tukamshukuru Mungu, na tangu siku ile nyumba haina amani. Baba yake ni dereva wa lori. Kila akirudi safari ni wimbo mmoja: Zawadi asome PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) awe daktari, maana ukoo mzima hauna daktari. Kaka yangu aliye Dar, ambaye ndiye aliyekuwa akinisaidia michango ya shule, anasema PCB kwa mtoto mwenye D ya Fizikia ni kujitafutia sifuri, aende HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) asome sheria. Wameshafikia kutopokeleana simu. Nikimuuliza mwenyewe anaangalia chini: "Vyovyote tu, mama."

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata hatujui alijaza nini. Kabla ya mtihani walipelekwa steshenari makundi makundi kujaza Selform, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua kombi (masomo matatu ya kidato cha tano), shule na chuo; kijana wa pale ndiye aliyekuwa anabofya, wao wamesimama nyuma. Sasa tunasikia dirisha la kubadilisha machaguo limefunguliwa. Kijana yuleyule ameomba elfu kumi "amwekee kombi nzuri". Mama mwenzangu naye kanielekeza kwa mtaalamu wa mjini anayepima vipaji kwa alama za vidole, elfu themanini. Jirani mwalimu anasema tumtafutie mtoto ushauri wa kazi na masomo, kwamba ndio unaowasaidia watoto wa shule za mjini. Je, huo ushauri unasaidia kweli au ni kulipia maneno? Na mtu wa Singida anaupata wapi?

Matokeo yake: Uraia C, Historia C, Jiografia B, Kiswahili B, Kiingereza C, Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D, Hisabati D. Mimi nakamua na kuuza mafuta ya alizeti, msimu ukiwa mzuri tunakula, ukiwa mbaya tunakopa. Mtoto hana makuu. Ananisaidia kuandika daftari la mauzo, na kazi yake nyingine ni kuwachanja kuku wa mtaa mzima dawa ya kideri tangu bwana mifugo alipomfundisha. Naomba msaada.

Mama Zawadi, Singida

*

Mama Zawadi, salamu zimefika, na hongera. Pointi 18 kutoka shule ya kata si jambo la kupita hivihivi.

Kwanza tuziokoe fedha zako. Elfu themanini ya alama za vidole ibaki kwenye alizeti. Mistari ya vidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inaonyesha nani atakuwa mhandisi na nani mwalimu. Kijana wa steshenari naye mlipe intaneti na karatasi ya kuchapa, basi. Kubadilisha machaguo kwenye Selform ni bure, na "kombi nzuri" haiwezi kuchaguliwa na mtu asiyejua mtoto anaelekea wapi.

Ushauri wa kazi na masomo unasaidia, lakini si kwa kumtajia mtoto kazi yake. Mtu anayekaa na Zawadi nusu saa kisha akatangaza kwamba "huyu ni mhasibu" ni mpiga ramli mwenye kompyuta. Shughuli yenyewe ina mifupa mitatu: kumjua mtoto, kuzijua kazi zilivyo, kisha kuviunganisha viwili hivyo kwa akili iliyotulia. Frank Parsons alipofungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston, Marekani, mwaka 1908, alianza na hayo hayo matatu; vipimo vya leo vimeongeza nyama tu. Nyumbani kwenu watu wazima wamerukia la tatu, kila mmoja na jibu lake mkononi, na la kwanza halijaguswa.

Anzeni na zile D mbili, maana ndizo zinazowagombanisha. D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44. Inasema mtoto alipata nini, haisemi kwa nini. Mjomba anaisoma kama hukumu, baba anajifanya haioni, na wote wawili hawajauliza Fizikia ilifundishwaje. Shule nyingi za kata zina upungufu mkubwa wa walimu wa Fizikia na Hisabati. Kuna mtoto aliyepata D kwa sababu mwalimu alihamishwa akiwa kidato cha tatu, na kuna mtoto aliyefundishwa vizuri miaka minne akapata D hiyohiyo. Kwenye cheti wanafanana. Kidato cha tano watakwenda njia mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo mpe Zawadi karatasi aikunje mistari mitatu ya wima. Wa kwanza aandike kidato, wa pili nani alikuwa akifundisha Fizikia na kwa miezi mingapi, wa tatu alama aliyopata: mitihani ya mwisho wa mwaka, mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na moko. Afanye vivyo hivyo kwa Hisabati. Kama kidato cha pili alikuwa na C mwalimu akiwepo, na alama zikaporomoka baada ya mwalimu kuondoka, shimo liko kwenye ufundishaji na linafukika. Kama alama ni zilezile miaka yote na mwalimu alikuwepo, angalieni Hisabati: mara nyingi mtoto "anafeli Fizikia" wakati kinachomshinda ni kugeuza fomula, vipeo na kusoma grafu. Hilo nalo linatibika, lakini si kwa mwezi mmoja.

Halafu kuna kipimo ambacho hakidanganyi. Kati ya matokeo ya Januari na kuanza kidato cha tano mwezi Julai, mitaa imejaa tuisheni za pri-fomu faivu. Apelekwe wiki tatu kwenye Fizikia ya kidato cha tano. Mada za mwanzo ni vipimo na makosa ya upimaji, kisha mwendo na nguvu, na humo hesabu haikwepeki. Kila jioni afanye maswali matano bila kuangalia madaftari, na mweke tarehe juu ya ukurasa. Msitazame alama ya siku moja, tazameni mwelekeo. Wiki ya kwanza akipata moja kati ya matano na wiki ya tatu akapata matatu, PCB inazungumzika. Akibaki kwenye moja ilhali mnamwona anakesha, basi jibu limeshaandikwa, na baba yake alione kwenye daftari kwa macho yake badala ya kulisikia kwa shemeji kwenye simu. Dirisha likifungwa kabla wiki tatu hazijaisha, wiki moja ni bora kuliko kubahatisha.

Sasa milango. Kwa miaka ya karibuni mwongozo wa kuingia kidato cha tano umekuwa hivi: krediti (alama C na kuendelea) tatu au zaidi katika masomo yasiyo ya dini, pointi za masomo saba zisizidi 25, na pointi za masomo matatu ya kombi zisizidi 10 bila kuwa na F hata moja kati yake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Kwa Zawadi, PCB ni 4 na 3 na 2, jumla 9. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) ni 3 na 2 na 2, jumla 7. HGL ni 3 na 2 na 3, jumla 8. Kwa hiyo kwenye sifa ile D haimzuii: PCB anaruhusiwa. Ila kuwa na sifa siyo kuchaguliwa. Nafasi zinagombaniwa, na mwenye 9 yuko nyuma ya wenye 4 na 5 wanaotaka shule zilezile. Kwenye CBG yeye ndiye anayesimama mbele kidogo.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hugundua mtoto akiwa tayari bwenini: PCB na CBG zote zina BAM, yaani hisabati tumizi, kama somo la nyongeza. Kuikimbia Fizikia kwa kwenda CBG hakumkimbizi na Hisabati. Vyovyote mtakavyoamua kati ya hizo mbili, hesabu ndiyo ya kwanza kushughulikiwa miezi hii.

Mshauri mzuri hatauliza kombi ipi ni bora, atauliza kila kombi inafunga nini. Shahada ya udaktari wa binadamu kwa waliotoka kidato cha sita inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akiingia CBG, mlango huo umefungwa kwa njia ya kidato cha sita, hata apate A tatu. Unabaki wazi upande wa kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira na ualimu wa Kemia na Baiolojia, kutaja machache. Akiingia HGL, sayansi karibu yote inafungwa kwa njia hiyo. Sheria yenyewe ni shahada ya miaka mitatu au minne kulingana na chuo, kisha Shule ya Sheria kabla ya kuitwa wakili, na kazi yake ya kila siku ni kusoma kurasa nyingi za Kiingereza kigumu. Mjomba amuulize Zawadi kama kusoma hivyo kunamvuta. Kusikia neno "mwanasheria" kila mtu kunampendeza.

Kuna na mlango ambao hakuna aliyeutaja, na ndio ambao baba anapaswa kukalishwa aelezwe taratibu. Cheti cha kidato cha nne alicho nacho mkononi kinamruhusu kuomba stashahada ya utabibu sasa hivi. Sifa ya kuingilia ni ufaulu wa D na kuendelea katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anayo yote. Ni miaka mitatu, na akimaliza na kusajiliwa anakuwa afisa tabibu. Uuguzi na ukunga ni sifa zilezile. Famasi inataka Kemia na Baiolojia.

Je, kutoka hapo anaweza kufika kwenye udaktari anaouota baba? Anaweza. Kwa wenye stashahada, TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kwa udaktari huongezwa D au zaidi ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Angalia tena matokeo ya binti yako. Zile D mbili mnazozigombania ndizo zinazomwachia mlango huo wazi. Zingekuwa F ungefungwa. Kwa miaka, njia ya PCB ni miwili ya sekondari, mitano ya chuo na mmoja wa utarajali hospitalini, jumla minane. Njia ya stashahada ni mitatu, mitano na mmoja, jumla tisa akiunganisha bila kupumzika. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini kwenye njia ya pili, akikwama baada ya ile miaka mitatu ya kwanza kwa sababu ya fedha au uzazi au ugonjwa, anakuwa tayari ana taaluma. Akikwama baada ya kidato cha sita cha PCB chenye S ya Fizikia, alama iliyo chini ya ufaulu kamili, anarudi kuomba stashahada hiyohiyo kwa cheti cha kidato cha nne, amechelewa miaka miwili.

Njia hii ina mitego yake. Wa kwanza ni GPA: mtoto anapumua akishaingia chuo, anamaliza na 2.8, ngazi ya juu inakatika. Wa pili ni chuo chenyewe. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisheni kwenye tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, kwamba chuo kimesajiliwa na kwamba kozi hiyo hasa ina ithibati, maana chuo kinaweza kuwa na usajili halali na kozi moja ikawa haina. Ulizeni hospitali gani wanafunzi wanafanyia mazoezi na wanakuwa wangapi kwa zamu. Wa tatu ni gharama zinazojificha nyuma ya ada. Dai karatasi ya miaka yote mitatu: ada, malazi, mitihani, sare, vifaa, nauli na chakula wakati wa mazoezi hospitalini, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Jumlisha, kisha linganisha na msimu wako mbaya wa alizeti, usilinganishe na mzuri. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini ni kwa kozi za vipaumbele tu, na si kila kozi ya afya imo. Someni orodha ya mwaka husika kabla ya kupiga hesabu kwamba bodi italipa. Kidato cha tano na sita shule za serikali hakuna ada tangu 2022/23, ingawa fomu ya maelekezo ya kujiunga itakuja na godoro, sare, ndoo na vinginevyo ambavyo navyo si bure.

Nirudi kwa kuku. Uliwataja mwishoni kama jambo dogo, na kwa mshauri hapo ndipo barua yako inapoanza. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni kwa kila kuku, inarudiwa kila miezi mitatu au minne, na dawa isipotunzwa mbali na jua na joto kali unachanja maji. Binti anayefanya hivyo mtaa mzima anashika ratiba, anatunza dawa, anakamata kiumbe kinachopiga mbawa bila kukiumiza, na watu wazima wanamfungulia milango. Nyumbani anaandika daftari la mauzo. Mtoto wa namna hii hawezi kuwa hana anachokipenda. Kuna kilimo na mifugo, kuna vyuo vya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kimoja kiko Mpwapwa, mkoa jirani wa Dodoma. Kuna afya ya binadamu pia, maana mikono iliyozoea dawa na ratiba inafaa kote kuwili. Simsemei awe mganga wa mifugo. Huenda anachopenda ni kutibu, huenda ni wanyama, huenda ni zile mia mbili mbili anazopewa. Lazima aulizwe, na asiulizwe mbele yenu.

Maana "vyovyote tu" ya mtoto wa kidato cha nne mara chache humaanisha vyovyote. Zawadi ameona kwamba akisema PCB anamkosea mjomba aliyelipa michango, akisema HGL anamkosea baba. Swali la "unataka kuwa nani" kwake limekuwa la "uko upande wa nani". Ndiyo maana mshauri anamtaka mtoto peke yake, si chini ya mara mbili, dakika 45 hivi kila mara, na mzazi anaingia mwishoni mtoto akiwa na la kusema. Kikao ambacho mzazi anajibu kila swali ni hasara hata kikiwa cha bure.

Mkiwa hamjapata mshauri, fanya hivi. Kata vikaratasi kumi na viwili, kila kimoja andika kitendo, usiandike cheo: kumfunga mtu kidonda, kufungua redio iliyoharibika, kuandika hesabu za siku, kusuluhisha wanaogombana, kuwaeleza watoto somo, kupanda miti, kuuza kitu kwa mtu asiyetaka kununua, kushika mnyama mgonjwa, kusoma habari ndefu, kuchora, kukaa na mgonjwa usiku, kupima vitu kwa makini. Mwachie peke yake avipange mafungu matatu: napenda, sijali, sipendi. Avinakili, umfichie karatasi, baada ya siku chache avipange upya. Vilivyobaki fungu lilelile ndivyo vya kuzungumzia, na swali ni "kwa nini?" tu. Vipimo vya mapendeleo vinavyotumiwa na washauri, vile vya mwanasaikolojia John Holland vyenye makundi sita, vinafanya jambo hilohilo kwa utaratibu zaidi: wanaopenda vitu na mikono, wachunguzi, wabunifu, wahudumu wa watu, washawishi na wafanyabiashara, na watu wa kumbukumbu na mpangilio. Mtu huwa mchanganyiko wa mawili matatu. Matokeo ya kipimo ni taa ya kuanzia mazungumzo. Ukiona mshauri anaisoma kama cheti cha kuzaliwa, ondoka.

La pili, kuzijua kazi, halifanyiki kwenye kiti. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ukamwombe mganga mfawidhi ruhusa mtoto ashinde pale asubuhi moja, akiangalia tu. Siku nyingine aende na bwana mifugo wake, na ikiwezekana iwe siku ya mvua. Aende na maswali matano ameyaandika: jana ulifanya nini tangu asubuhi hadi jioni, nini kinachokuchosha zaidi, aliyeacha kazi hii aliacha kwa nini, ulisoma nini na wapi, ulisubiri muda gani kupata ajira. Hilo la mwisho baba alisikilize vizuri. Kuajiriwa serikalini siku hizi ni kuomba na kushindana, hata kwa kada za afya, kwa hiyo hoja ya "udaktari una ajira ya moja kwa moja" ni ya zamani. Akirudi, asiulizwe kama amependa. Aulizwe ameona nini, na nani pale angependa kuwa mahali pake.

Mshauri mwenyewe mnaanzia kumtafuta alikosoma. Kila shule ya sekondari inatakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, na mwalimu wa taaluma ana kumbukumbu za alama za miaka yote minne ambazo mtaalamu wa mjini hana. Hawalipwi na mzazi. Nenda na Zawadi, mkiwa na ile karatasi ya mistari mitatu na vile vikaratasi vilivyopangwa, maana mwalimu ana watoto mamia na mwenye vitu mkononi anahudumiwa vizuri zaidi kuliko anayekuja kuuliza "asome nini". Maonesho ya vyuo vikuu ya TCU na Nane Nane ya Nzuguni, Dodoma, ni mazuri kwa kuuliza vyuo uso kwa uso, lakini huja Julai na Agosti, dirisha lenu likiwa limeshafungwa. Wekeni akiba kwa baadaye. Na yeyote anayekupa fomu ya chuo kimoja kabla hajauliza matokeo ya mtoto, huyo ni wakala, analipwa kwa kichwa.

Kama mnauliza msimamo wangu kwa matokeo haya haya: ikiwa vikaratasi na siku ya kituo cha afya vitaelekeza kwenye kutibu watu, ningeweka stashahada ya utabibu au uuguzi mbele ya PCB, isipokuwa lile daftari la wiki tatu liseme vingine. Ikiwa vitaelekeza kwa wanyama na mimea, CBG au chuo cha mifugo. HGL ningeiacha, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu katika barua yako hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba Zawadi anaitaka. Mjomba aambiwe hivyo na wewe dada yake, kwa upole na shukrani ya michango, na asiambiwe na baba Zawadi.

Tumalizie na Selform, kwa sababu hapa ndipo uamuzi mzuri hupotea. Zawadi aende mwenyewe, akae yeye kwenye kiti, kijana asimame. Anaingia kwa namba yake ya mtihani na mwaka, anajibu swali linalohusu matokeo yake, anaweka nywila yake ambayo haiachi kwenye daftari la steshenari. Kitu cha kwanza aangalie yaliyojazwa mwanzo kabla ya kufuta chochote. Mfumo una sehemu ya kombi na shule na sehemu ya vyuo, na mpangilio una maana: cha kwanza kiwe kile anachokitaka kwanza. Tangu 2024 orodha ya kombi imepanuka kutoka 16 hadi 65, na kijana anaweza kumshawishi achukue jina jipya linalovutia. Asichukue kombi ambayo masomo yake hajayaona kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU yakitajwa kwenye kozi anayoitaka, na aangalie shule zipi zinaifundisha. Asitegemee maneno ya "utabadilisha ukifika shuleni". Kubadilisha kunategemea nafasi na ridhaa ya mkuu wa shule, na PCB ndiyo hujaa kwanza.

Akimaliza achape, mje nayo nyumbani, na Zawadi aisome kwa sauti mbele ya baba yake: namba ya mtihani, kombi ya kwanza, shule, chuo. Kosa likiwepo, rudini kesho yake asubuhi, kabla mtandao haujazidiwa na wale wa siku ya mwisho.